Jumamosi Saa Tatu Asubuhi: Miaka 70 ya Ligi ya Kuogelea ya Virginia Kaskazini

Ligi ya Kuogelea ya Virginia Kaskazini, ambayo wenyewe huiita kwa herufi nne tu, NVSL, ilianzishwa mwaka 1956 katika vitongoji vya Marekani vilivyo ng'ambo ya mto Potomac ukitokea Washington. Mwaka huu imetimiza miaka 70. Haina uwanja wake, haina mchezaji anayelipwa hata senti, na msimu wake wote huanza Mei inapokwisha na kumalizika Agosti inapoanza. Hata hivyo ina timu zaidi ya 100, zilizogawanywa katika madaraja 17 ya timu sita sita, na waogeleaji wake ni kuanzia watoto wadogo ambao bado wanang'oka meno hadi vijana wa miaka 18. Ukiwaondoa makocha, karibu kila kazi, kuanzia kupima muda hadi kuuza kahawa, hufanywa na wazazi bila malipo.

Wengi waliopita humo hawakuwa waogeleaji wakubwa, wala hawakukusudia kuwa. Waliamshwa asubuhi ya likizo wakati wenzao wamelala, wakaingia kwenye maji ya baridi wakitetemeka, wakaogelea hadi mikono ikalegea, kisha wakakaa bwawani mpaka jioni wakila vibanzi. Taasisi inayodumu miaka 70 kwa mtindo huo inastahili kuandikiwa historia yake, na historia hiyo iandikwe yote, pamoja na kurasa ambazo hazisomwi kwenye sherehe.

Tuanze na vitongoji vyenyewe. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ofisi za serikali kuu ya Marekani zilipanuka, Pentagon ilikuwa imeshafunguliwa upande wa Virginia tangu 1943, na askari waliorudi kutoka vitani walipata mikopo nafuu ya nyumba. Mashamba ya ng'ombe wa maziwa yakakatwa viwanja. Kaunti ya Fairfax ilikuwa na watu wasiofika 100,000 mwaka 1950. Kufikia 1970 walikuwa wamepita 450,000. Majirani walihamia kwa mpigo, kila mmoja akitokea jimbo lake, na nadra kumkuta aliyekuwa na shangazi au babu mtaa wa pili. Hapakuwa na soko la kukutania wala baraza la kukaa jioni; hata kununua mkate ulipanda gari. Na Julai ya huko si ya mchezo. Joto hupita nyuzi 30, unyevu hulowesha shati kabla hujafika barazani, na miaka ile nyumba nyingi hazikuwa na viyoyozi.

Majirani wakachanga. Kila familia ilinunua hisa, wakapata kipande cha ardhi katikati ya mtaa, wakachimba bwawa la mita 25, wakajenga kibanda cha vitafunwa na bwawa dogo la watoto wachanga pembeni, wakachagua kamati. Msomaji wa Tanzania atauelewa mfumo huo haraka akikumbuka jinsi Simba na Yanga zilivyokuwa mali ya wanachama: mwenye kadi ana sauti, na mkutano mkuu unaweza kwenda mpaka usiku kwa ajili ya rangi ya viti. Bwawa ndilo likawa uwanja wa kijiji. Kina mama walijuana hapo, watoto walijifunza hapo nani ni nani, na kwenye mabwawa mengi mpaka leo waokoaji hupuliza filimbi kila saa, watoto wakatoka majini kwa dakika 15 ili wakubwa waogelee kwa amani. Dakika hizo 15, watoto wameketi ukingoni miguu ikining'inia, ndizo zilizozaa urafiki mwingi.

Bwawa moja likianza kujisifu, bwawa la jirani hujibu. Zilihitajika kanuni, ratiba na waamuzi, na hapo ndipo ligi ilipozaliwa.

Kanuni zake zinastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu tabia ya ligi imo ndani yake. Pambano la Jumamosi ni la timu mbili tu. Kuna makundi matano ya umri: miaka 8 na chini, 9 hadi 10, 11 hadi 12, 13 hadi 14, na 15 hadi 18. Kila kundi, wasichana na wavulana, huogelea mitindo minne: mtindo huru, mgongo, kifua na kipepeo. Hiyo ni michuano 40. Kila timu huingiza watu watatu kwa kila mchuano, hivyo njia sita za bwawa hujaa. Wa kwanza hupata pointi 5, wa pili 3, wa tatu 1. Kisha huja mbio 12 za kupokezana, ambazo mshindi huchukua pointi 5 na aliyeshindwa hatoki na kitu. Jumla ni pointi 420. Anayepita 210 ameshinda.

Muogeleaji mmoja haruhusiwi kuogelea zaidi ya michuano miwili ya mtu mmoja mmoja. Hapo ndipo penye hekima. Timu yenye bingwa mmoja wa kutisha haiwezi kushinda kwa mgongo wake peke yake. Kocha analazimika kuzunguka mtaani akitafuta msichana wa miaka tisa anayeweza kuogelea kipepeo bila kukosea, na mvulana wa tatu wa mgongo ambaye atachukua ile pointi moja. Pointi moja ya nafasi ya tatu ya mtoto wa miaka saba inahesabiwa sawasawa na pointi ya kijana mwenye misuli anayekaribia chuo kikuu. Watu wazima wa mtaa mzima wanaweza kusimama na kupiga kelele kwa ajili ya mtoto anayepigania nafasi ya tatu, na mtoto huyo anawasikia kila anapoinua kichwa kuvuta pumzi.

Mwisho kabisa, mchuano wa 52, ni kupokezana kwa umri mchanganyiko: waogeleaji wanne, kila mmoja wa rika lake, tangu wa miaka 10 na chini hadi kijana mkubwa. Pambano likifika hapo timu zikiwa zimebanana, hakuna anayebaki kwenye kiti. Nimeona michezo mingi ya vijana, na sijaona kanuni nyingine inayomfanya kijana wa miaka 17 amsubiri mtoto wa miaka tisa kwa roho juu kiasi kile.

Pambano lenyewe huanza Ijumaa. Jioni hiyo timu hukusanyika, mara nyingi kwenye bwawa au uani kwa mzazi mmoja, kula tambi kwa masinia, kwa imani kwamba wanga wa usiku ni nguvu ya asubuhi. Huimbwa, hupigwa kelele, magari huandikwa vioo kwa rangi. Kila mtoto mdogo hupewa mkubwa wa kumlea kwa msimu, na wakati mwingine humtafuta kwa siku kadhaa bila kumjua, akipokea peremende na barua fupi zisizo na jina. Timu zina majina ya samaki, pomboo na papa, na kila moja ina watani wake wa jadi, kwa kawaida bwawa lililo karibu zaidi.

Jumamosi asubuhi mahema ya kivuli huwa yameshasimama nyasini na taulo zimeshatandazwa. Kabla ya kuanza, mama mmoja mwenye maka peni huwaandika watoto mikononi namba ya mchuano na namba ya njia, kwa sababu mtoto wa miaka sita hawezi kuaminiwa kukumbuka. Wakubwa nao huandikana migongoni maneno ya kumtania atakayekuwa nyuma, kama vile kula mapovu yangu. Maandishi hayo hayatoki kwa sabuni. Jumapili utamwona mtoto kanisani mkono wake bado una namba.

Kazi ninayoiheshimu kuliko zote ni ya mzazi anayewapanga wadogo. Nyuma ya bwawa huwekwa mabenchi kwa safu. Watoto wa miaka 8 na chini hukaa sita sita, miwani ya kuogelea imewabana hadi nyusi zimepanda, na kila mchuano ukiisha safu nzima husogea benchi moja mbele. Mzazi huyu humfunga mmoja kofia, humtafutia mwingine taulo, humpeleka wa tatu chooni na kumrudisha kabla ya zamu yake, na hapo hapo anaangalia karatasi yake asije akamweka wa njia ya nne kwenye njia ya tano. Yupo anayelia. Anapangusa machozi yake, anamsogeza. Saa mbili baadaye amepitisha watoto makumi kadhaa bila kupoteza hata mmoja, na huondoka hapo bila utepe wowote wa ushindi.

Kila njia hupimwa na watu watatu wenye saa mikononi, na muda wa katikati ndio unaoandikwa. Wapimaji hao huchanganywa kutoka timu zote mbili. Ndiyo kusema muda wa mwanao unaweza kuwa mikononi mwa mzazi wa timu pinzani, naye wa kwake mikononi mwako, mkiwa bega kwa bega saa tatu nzima, mkirushiwa maji miguuni. Ni vigumu kumchukia mtu katika hali hiyo. Kandokando hutembea waamuzi wenye mashati meupe wakitazama mikono na miguu. Katika mtindo wa kifua na wa kipepeo sharti ukuta uguswe kwa mikono miwili kwa pamoja. Mtoto akigusa kwa mmoja, mwamuzi huinua mkono na muogeleaji ameondolewa, hata kama ana miaka sita na ndiyo mara yake ya kwanza. Wapo wanaoona huo ni ukali. Mimi nadhani ni heshima: mtoto amechukuliwa kuwa mchezaji wa kweli, na wiki inayofuata kocha, ambaye mara nyingi ni mwanafunzi wa chuo aliyekulia kwenye bwawa hilohilo, atakaa naye ukutani kumfundisha kugusa kwa mikono miwili.

Jumatatu jioni ni zamu ya wote ambao hawakupata nafasi Jumamosi. Hapo hakuna pointi za timu. Mtoto hushindana na muda wake wa wiki iliyopita, na aliyepunguza sekunde mbili hushangiliwa kama aliyeshinda. Timu nyingi hukusanya zaidi ya watoto 100, na Jumamosi ina nafasi chache. Bila Jumatatu ligi ingekuwa ya wenye kasi tu, na sidhani kama ingefika miaka 70.

Sasa nifike kwenye uzio, kwa kuwa mabwawa haya yote yana uzio na lango, na langoni kuna orodha ya majina.

Mwaka huohuo wa 1956 ligi ilipoanzishwa, wanasiasa wa Virginia wakiongozwa na Seneta Harry Byrd walikuwa wakipanga kupinga kwa nguvu zote uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani wa 1954 uliokataza kuwatenga watoto weusi na weupe mashuleni. Kiangazi hicho bunge la jimbo lilikaa kikao maalumu na kupitisha sheria za kuzifunga shule ambazo zingewachanganya. Arlington, ambako kuna mabwawa ya ligi hii, wanafunzi wanne weusi waliingia shule ya Stratford tarehe 2 Februari 1959, polisi wakiwa wamelizunguka jengo. Kama darasa lilikuwa hivyo, maji yalikuwa zaidi. Mjini Alexandria, mwanzoni mwa miaka ya 1950, watoto weusi walijengewa bwawa lao baada ya ndugu wawili kuzama katika Potomac. Mwanahistoria Jeff Wiltse, katika kitabu chake Contested Waters cha mwaka 2007, ameonyesha kwamba mabwawa ya klabu binafsi yaliongezeka sana Marekani katika miongo ileile ambayo mahakama zilikuwa zikifungua mabwawa ya umma kwa watu weusi. Wazungu wengi waliacha la umma wakajichimbia lao. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 nayo ikaziacha nje klabu zilizo binafsi kwelikweli.

Moja ya mabwawa ya Fairfax lilikuwa la Little Hunting Park. Mwanachama wake mmoja, Paul Sullivan, Mzungu, alikuwa na nyumba mbili katika eneo hilo, na hisa mbili. Mwaka 1965 alimpangisha T. R. Freeman, mtu mweusi, nyumba moja, na kama utaratibu ulivyoruhusu, akamhamishia hisa ili yeye na familia yake waingie bwawani. Kamati ilikataa kwa sababu Freeman ni mweusi. Sullivan alipinga, hakunyamaza, na kamati ikamfukuza na yeye, ikamrudishia fedha za hisa zake.

Wote wawili walikwenda mahakamani. Mahakama za Virginia ziliwafungia mlango. Tarehe 15 Desemba 1969 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa majaji watano dhidi ya watatu, iliwapa haki. Jaji William O. Douglas, aliyeandika hukumu, alisema bwawa hilo halikuwa klabu binafsi kwa maana yoyote ya kweli: lilikuwa wazi kwa kila Mzungu wa eneo lile, na kitu pekee kilichochagua nani aingie kilikuwa rangi. Hisa ya bwawa ilikwenda pamoja na nyumba, na sheria ya tangu 1866 iliwapa raia weusi haki ileile ya kumiliki na kupanga aliyo nayo Mzungu. Mahakama ilisema pia kwamba Mzungu anayeadhibiwa kwa kutetea haki ya jirani yake mweusi naye anaweza kudai. Wakati hukumu inatoka, Freeman alikuwa ameshahama eneo lile. Watoto wa mtaa walikuwa wameogelea viangazi vitano bila ya familia yake.

Ng'ambo ya pili ya Potomac, Maryland, klabu ya Wheaton-Haven iliwapokea hasa wanachama wanaokaa ndani ya robo tatu ya maili kutoka bwawani. Wanandoa weusi walipokataliwa, pamoja na mgeni mweusi wa wanachama wengine, shauri likafika kulekule, na tarehe 27 Februari 1973 majaji wote walikubaliana kwamba klabu haikuwa na haki hiyo.

Hukumu hizi mbili hazina budi kuhesabiwa katika historia ya ligi za kiangazi, tena mahali pa mbele. Ndizo zilizoamua jirani ni nani. Sherehe nyingi za mabwawa huzungumzia rekodi, mabingwa na makocha waliodumu, sawa, wasemwe. Lakini majina ya Sullivan na Freeman yanafaa kutajwa kwa sauti mbele ya watoto walewale wenye namba mikononi, kwa sababu bila watu kama hao wengi wa watoto hao wasingekuwa ndani ya uzio. Little Hunting Park bado ina timu katika ligi hii.

Kuhusu mabingwa nitasema kwa kifupi. Katie Ledecky alianza mashindano akiwa na miaka sita katika timu ya kiangazi ya Palisades, kitongoji cha Cabin John, upande wa Maryland, kwenye ligi dada ya kaunti ya Montgomery. Mwaka 2012, akiwa na miaka 15, alishinda mita 800 mjini London, na kufikia Paris 2024 alikuwa na dhahabu tisa za Olimpiki. Ametokea pale, na watu wa pale wanajivunia kwa haki. Lakini kwa kila Ledecky wapo maelfu walioishia na sanduku la tepe za buluu, nyekundu na nyeupe, na ligi iliwahudumia kwa uzito uleule.

Kinachoisumbua ligi siku hizi ni klabu za mwaka mzima. Mzazi analipa fedha nyingi, mtoto anaogelea Januari hadi Desemba, na kiangazi kinaonekana kama kupoteza muda. Mtoto akiwa na miaka 13 ameshachoka au ameshahesabiwa kuwa hafai. Timu za mtaa hujibu kwa njia yao: zinampokea yule wa klabu Jumamosi, na zinampokea pia yule anayecheza mpira miezi tisa na kuogelea miwili tu. Mwaka 2020 msimu ulifutwa kwa ajili ya korona, na ndipo wengi walipotambua kwamba bila timu hawakuwa na namna nyingine ya kuonana na majirani zao.

Wenzetu wa Afrika Mashariki ni wengi siku hizi katika vitongoji hivi, Virginia na Maryland. Wengi wetu tumetoka katika nchi za ziwa na bahari tukiwa hatujui kuogelea, na hofu hiyo tunawarithisha watoto. Utafiti uliotolewa mwaka 2017 na Wakfu wa USA Swimming pamoja na Chuo Kikuu cha Memphis ulikuta kwamba asilimia 64 ya watoto weusi wa Marekani hawajui kuogelea au wanajua kidogo sana. Kwa watoto weupe ni asilimia 40. Pengo hilo limetokana na uzio niliousimulia, na limebaki baada ya lango kufunguliwa, kwa sababu mzazi asiyejua kuogelea nadra humpeleka mtoto majini. Ada za uanachama nazo si ndogo, na baadhi ya mabwawa yana orodha ndefu ya wanaosubiri.

Hata hivyo ndugu mzazi, bwawa la mtaa wako lina timu, na huanza mazoezi shule zinapokaribia kufungwa. Nenda langoni mwezi Mei. Uliza ada, uliza kama kuna punguzo, uliza kundi la wanaoanza. Mwandikishe mtoto. Kisha Jumamosi saa tatu kasoro ufike mwenyewe, uombe saa ya kupimia, usimame kwenye njia.